Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ugeni wa Mwanakiswahili na Wajibu Wake

Wahenga wa Uswahilini hawakuwa na kauli moja kuhusu mgeni. Walimfananisha na kuku mweupe, kwa kuwa popote aingiapo haachi kuonekana na kila kosa lake huhesabiwa. Walimpa siku mbili za kukirimiwa, na ya tatu wakaagiza apewe jembe. Walipomaliza kumtazama hivyo, wakasema neno la ajabu kuliko yote: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa nini mwenyeji, aliye kwake na mwenye kila kitu, asubiri mtu wa nje ndipo apone? Swali hili ndilo msingi wa makala hii, na linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Kenya kuliko anavyodhani.

Ikumbukwe kuwa mwanafunzi huyu ni mgeni mara mbili. Kwanza, ni mgeni katika chuo chake. Mihadhara ya idara nyingine, barua za ofisi, matangazo ya ubaoni na hotuba za mahafali aghalabu huendeshwa kwa Kiingereza. Akitaja somo lake bwenini, huulizwa atafanya nini na lugha ambayo kila mtu anaizungumza. Muulizaji huwa ameshajijibu kabla hajafunga kinywa. Pili, ikiwa ametoka Kakamega, Kisii, Bomet au Lodwar, ni mgeni katika lugha yenyewe. Wenzake wa pwani humsikia akitamka na kutabasamu. Walimu wake wa zamani walimwambia kwamba Kiswahili kina wenyewe, naye akaelewa kuwa wenyewe hao si yeye.

Mtu aliyebanwa pande mbili hivi hutafuta pa kujificha. Wapo wanaoiga lafudhi ya Mombasa hadi wakasikika kama waigizaji wa redio. Wapo wanaotia chumvi ya msamiati adimu katika kila sentensi ili wasije wakatiliwa shaka. Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili, wakajitambulisha kwa somo la pili wanalolifunza na kulitaja la Kiswahili kwa sauti ya chini. Njia zote hizi zina nia moja, nayo ni kuufuta ugeni. Makala hii inadai kwamba nia hiyo ni hasara. Ugeni wa mwanakiswahili ni rasilimali, na wale waliokibadilisha Kiswahili pamoja na jamii yake, wengi wao walikuwa watu waliouona ugeni wao, wakaukubali na kuufanyia kazi.

Mfano wa kwanza ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia yenye asili ya bara iliyoguswa na utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, alikuwa bado kijana. Sheria ilifuta hadhi ya mtumwa katika vitabu, lakini haikuifuta midomoni mwa watu. Mjini kulikuwa na wenye nasaba na wasio na nasaba, na mfinyanzi wa vyungu kutoka shamba alijua fika yuko upande upi. Alipohamia mjini mwaka 1911, alikuwa mgeni kwa kila kipimo: mwanamke, maskini, mtu wa shamba na mtu wa ukoo usiohesabiwa.

Taarabu ya wakati huo ilikuwa na wenyewe. Ilikuwa imepata nguvu katika kasri, tangu enzi za Sultan Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti angeweza kufanya kama wanavyofanya wengi wanaoingia katika nyumba ya wakubwa: kuiga lugha yao, kunyenyekea na kushukuru kwa kuruhusiwa kuketi mkekani. Badala yake aliichukua taarabu na kuiimba kwa Kiswahili, lugha ya uani, sokoni na Ng'ambo. Wapinzani walimtungia nyimbo za kumkejeli sura na asili yake. Naye akajibu kwa nyimbo, asiikane asili hiyo wala kuiombea radhi. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, wakarekodi nyimbo kwenye sahani za santuri. Waimbaji wa Afrika Mashariki waliokuwa wametangulia kufanya hivyo walikuwa wachache mno. Sahani hizo zilisikika katika mwambao mzima.

La muhimu zaidi ni yale aliyoyaimba. Kundi lake lilikuwa na wimbo ujulikanao kwa jina la Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke aliyekuja Unguja kutoka ng'ambo ya bahari, akauawa, na mtuhumiwa akavuka maji akatoroka. Kesi ilipofika mahakamani, adhabu iliwaangukia wanawake waliokuwa na marehemu, ambao walikwenda kutoa ushahidi. Katika wimbo huo aliyeuawa ni mgeni, na anayemlilia mbele ya umma ni mgeni mwingine aliyepewa sauti na lugha ya watu. Mambo yaliyosemwa mbele ya hakimu, katika chumba ambacho wengi hawakukiingia, yalitoka yakajadiliwa barazani. Mwimbaji wa kasri hangeliweza kuuimba wimbo huo. Hangekosa kipaji, ila angekosa mahali pa kusimama: aliyezoea kuutazama ukumbi wa wakubwa kutoka ndani haoni waliofungiwa mlango.

Si ajabu kwamba aliyeandika wasifu wa Siti alikuwa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, mwana wa baba Myao, aliyetumikia serikali ya kikoloni kama karani. Leo anaitwa baba wa fasihi ya Kiswahili, na vizazi vimekariri kazi zake bila kuuliza ukoo wake. Aliyewahi kupimwa kwa nasaba ndiye aliyetambua kwamba maisha ya mwanamke aliyeitwa Mtumwa yalistahili kitabu.

Mfano wa pili unatoka mbali na bahari. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, na lugha ya kwao ilikuwa Kikerewe. Riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilimzungumzia binti aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi, kisha akaachiliwa katika dunia ya wanaume wenye vyeo bila ya silaha yoyote. Ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa madai kuwa inakiuka maadili. Baadaye ilikuja kusomwa na kuhakikiwa katika shule na vyuo vilevile. Mwaka 1974 alitoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mzozo ukazuka. Wanamapokeo walisema kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi la Kiswahili, na baadhi yao waliona hapo mkono wa watu wa bara wasioujua utamaduni wa pwani na waliolishwa fasihi ya Kizungu vyuoni.

Wanamapokeo walikuwa na hoja ya kusikilizwa. Mizani na vina vilikuwa kumbukumbu ya watu, vilibeba elimu, dini na historia kwa karne kadhaa, na mtu hawezi kuvifuta kwa kuvidharau. Hata hivyo, jambo moja halikuonekana kwa urahisi katika mzozo huo. Mtu aliyezaliwa ndani ya vina huvisikia kama anavyosikia pumzi zake, haviulizi swali. Aliyekuja navyo kakutana akiwa mtu mzima ndiye aliyeweza kuuliza: je, ushairi ni vina, au vina ni chombo kimoja cha ushairi? Swali hilo lilihitaji mgeni. Lilipokwisha kuulizwa halikubaki mali ya wageni. Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitoa mwaka 1988 diwani ya Chembe cha Moyo, ambamo ushairi huru umeshika nafasi yake bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Mwenyeji alikuwa amepona kwa swali la mgeni. Kezilahabi alipofariki Januari 2020, waliomlilia ni wapenzi wa Kiswahili wa kila upande, na hakuna aliyekumbuka kumwuliza hati ya ukaaji katika lugha hii.

Huenda msomaji akafikiri kuwa ugeni unaozungumziwa hapa ni suala la kuzaliwa tu. Mfano wa tatu unakanusha dhana hiyo. Abdilatif Abdalla ni mwenyeji kwa kila kipimo cha Kiswahili. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946, katika ukoo wa malenga, na Kimvita ni lugha ya mama yake. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika na kusambaza karatasi yenye kichwa Kenya: Twendapi?, akiihoji serikali iliyokuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU. Alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa, na hakutoka hadi Machi 1972. Sehemu kubwa ya kifungo hicho aliishi peke yake. Mwenyeji wa mji mkongwe wa Mombasa alifanywa mgeni katika nchi yake, asiyeruhusiwa hata kuzungumza na wafungwa wenzake.

Humo gerezani alitunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Mashairi hayo yanafuata vina na mizani kwa uaminifu mkubwa. Kwa hivyo, kuukubali ugeni si lazima kuvunje umbo la kale. Kezilahabi aliuliza maswali ya umbo, Abdilatif aliuliza maswali ya dola kwa umbo la babu zake. Kilichowaunganisha ni kwamba kila mmoja alisimama pale alipotupwa, akatazama kutoka hapo, na akasema alichokiona.

Pana funzo jingine katika Sauti ya Dhiki ambalo mwanafunzi wa bara angefaa alitie maanani. Diwani hiyo imeandikwa kwa Kimvita. Mwaka 1928, mwaka uleule ambao Siti alikwenda Bombay, mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa kuisimamia kazi ya usanifishaji. Tangu hapo mtoto wa Mombasa anayeandika insha shuleni hupaswa kuiacha nyumbani sehemu ya lugha ya mama yake. Mtoto wa Lamu vilevile. Kwa maneno mengine, Kiswahili sanifu ni nyumba ambayo karibu kila mtu aliingia akibisha hodi. Yule wa Bomet anayemwonea haya mwenzake wa Mombasa hajui kwamba mwenzake naye alisahihishwa kwa wino mwekundu, tena kwa maneno ya nyanya yake.

Hapana budi kuzijibu pingamizi mbili kabla ya kusonga mbele. Ya kwanza ni kwamba kuusifu ugeni ni kuyapamba mateso. Pingamizi hii ina uzito. Hakuna baraka katika kuitwa Mtumwa, wala hakuna hekima inayopatikana kwa kulala katika sakafu ya gereza. Wako maelfu waliofanywa wageni wakaangamia bila ya kuacha wimbo wala shairi, na jamii iliyowafanyia hivyo haistahili shukrani. Makala hii haisemi kwamba kutengwa ni kuzuri. Inasema kwamba aliyekwisha kutengwa ana hiari mbili: kutumia nguvu zake zote kuwashawishi waliomtenga kwamba yeye ni kama wao, au kuzitumia kuyasema yale ambayo wao hawayaoni. Hiari ya kwanza huleta nafuu ya mtu mmoja. Ya pili ndiyo inayoweza kuifaa jamii.

Pingamizi ya pili ni kwamba hoja hii itawapa wavivu kisingizio. Mwanafunzi asiyejua upatanisho wa kisarufi atasema kuwa anaukumbatia ugeni wake. Hapa ndipo methali ya jembe inapohitajika. Siku mbili za ukarimu hazina ya tatu. Siti alijifunza kuimba kwa bidii chini ya wanamuziki waliomtangulia. Kezilahabi aliufundisha ushairi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hakuna anayeweza kudai kuwa aliukataa asioujua. Abdilatif alizijua bahari za ushairi kiasi cha kuzitunga gizani. Mgeni asiyeshika jembe hubaki mtazamaji, na mtazamaji hamponyi mtu. Ukosoaji wa mtu asiyejifunza ni manung'uniko, na manung'uniko hayajawahi kubadilisha sheria wala shairi.

Sasa jembe la mwanakiswahili wa leo liko wapi? Kipengele cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Katiba hiyohiyo inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya kesi, na inawataka wananchi washirikishwe katika mambo ya utawala. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, wananchi huitwa katika kumbi na chini ya miti ili watoe maoni kuhusu bajeti na miswada. Ni jambo la kawaida kukuta kwamba mswada unaojadiliwa umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Ofisa huueleza kwa dakika chache kwa Kiswahili cha kubahatisha, wananchi hutia sahihi kuonyesha kuwa walihudhuria, kisha hurudi makwao. Mkulima aliyekaa mstari wa nyuma yumo mkutanoni na hayumo. Ni mgeni katika baraza lililoitishwa kwa ajili yake.

Nani anayeweza kumwona mkulima huyo? Ofisa hamwoni, kwa kuwa kwake Kiingereza cha mswada ni hewa. Wakili hamwoni, kwa kuwa lugha hiyo ndiyo kazi yake. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye amekaa miaka minne akiulizwa bwenini somo lake lina faida gani, anaijua hali ya kuketi ndani ya chumba na kuhesabiwa nje. Tena amefundishwa tafsiri, istilahi, isimujamii na mitindo ya lugha. Akiuchukua mswada wa maji wa kaunti yake na kuuandika kwa Kiswahili ambacho mkulima ataweza kukipinga au kukiunga mkono, atakuwa amefanya kile alichokifanya Siti alipoyatoa maneno ya mahakamani akayaweka barazani. Kazi kama hiyo inangoja katika mahakama, ambako mtu huweza kukiri kosa asilolielewa. Inangoja hospitalini, ambako mgonjwa hutia sahihi fomu asizozisoma. Inangoja katika benki, ambako mkopo hueleweka siku ya kunadiwa shamba.

Zaidi ya hayo, mwanafunzi wa bara ana kitu ambacho mwenyeji hana. Anajua neno gani la Kiswahili sanifu litaeleweka Lodwar na lipi litapita juu ya vichwa, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kupitwa nalo. Anajua dhana zipi za Kiluhya au Kikalenjin hazijapata kalima ya Kiswahili, na kwa hivyo anajua pengo liko wapi. Wakati UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, wengi walishangilia ukuaji wa lugha hii. Lugha haikui kwa kushangiliwa. Hukua kwa kuletewa maneno, mada na maswali na watu waliotoka nje ya mipaka yake, nayo ikalazimika kujipanua iwachukue.

Pendekezo la makala hii kwa vyama vya Kiswahili vyuoni ni dogo. Chama kinachoandaa kila mwaka kongamano la kujadili ukuzaji wa Kiswahili kichague pia hati moja ya umma, iwe mswada wa kaunti au fomu ya hospitali ya mji wa karibu, kiitafsiri kwa lugha ya watu, na kiipeleke kwa wanaohusika ili wailinganishe na wanachoambiwa. Wahadhiri waisahihishe tafsiri hiyo kwa ukali uleule wanaosahihishia tasnifu. Huenda ofisi iliyopelekewa isifurahi, kwa kuwa mswada ukieleweka huulizwa maswali. Hapo wanachama watajua kwamba ugeni wao umeanza kufanya kazi.

Na yule mwanafunzi atakayeulizwa tena bwenini atafanya nini na Kiswahili, hana haja ya kuiga lafudhi wala kushusha sauti. Amwonyeshe muulizaji fomu ile, ya Kiingereza na ya Kiswahili, azisome zote mbili, kisha aulizwe yeye ni ipi ambayo mama yake angependa kutia sahihi.